Misalaba ya Chini

Jean bado yuko ndani, na kesho asubuhi watampeleka Lodwar mbele ya hakimu. Wanasema ameiba mbao za serikali na kuangusha mnara. Mimi nasema ameponzwa na neno moja, neno dogo ambalo hata mtoto wa nasari analijua, na katika Kakuma nzima ni kama mimi peke yangu ninayelijali. Basi nisikilizeni vizuri, maana mdomo wangu si mtamu na sipendi kurudia.

Naitwa Akal. Nashona nguo karibu na soko kwa cherehani ya mkono, kwa sababu miguu yangu haikanyagi chochote tangu lori la kwenda Kaaleng lilipopinduka nami niko juu ya magunia. Nilikuwa msichana. Baada ya hapo nikawa mzigo. Nimebebwa mgongoni, nimebebwa kwa wilbaro, nimebebwa kanisani na wanaume wazima wakihesabu "moja, mbili, tatu" kama wanaoinua kabati, kisha wananitua wanapotaka wao, si ninapotaka mimi. Siku nilipopata kiti cha magurudumu niliapa kwamba hakuna binadamu atakayenibeba tena nikiwa na akili zangu timamu. Watu wa hapa wanakijua kiapo hicho na wengine wananitania nacho.

Nelly Epuyo alinijia sokoni kabla ya mvua. Nelly ni msanifu majengo, mtoto wa Lorugum, anafanya kazi katika ofisi moja kule Lodwar.

"Anti," akaniambia, "tunajenga mnara wa mbao pale Natirae, wa kuangalia ndege. Nataka hata mtu wa kiti apande mwenyewe. Nisaidie kuuchora."

Natirae ni kinamasi, chini ya Kakuma ukielekea Nakalale, mahali ambapo mto ukishateremka unachoka na kutawanyika. Mwaka wenye maji pana matete, korongo, bata maji, na miti ya miiba ya mathenge kila upande. Nilichunga mbuzi huko wakati nina miguu. Kulikuwa na kichuguu kirefu. Ukikipanda unaona maji yote mpaka yanapogusana na mbingu. Tangu lile lori sijayaona tena hivyo. Dunia yangu mimi ni mikanda na matumbo ya watu. Hayo sikumwambia Nelly. Nilimwambia nitafikiria, na moyo wangu ulikuwa umeshafika Natirae.

Mchoro wake wa kwanza ulikuwa mzuri sana, kwa mtu aliyesimama. Badala ya ngazi kulikuwa na rampu, njia ya mbao inayopanda polepole ikizunguka mnara, yenye mahali pa kupumzika kila kona. Lakini kule juu aliweka ukingo wa mbao. Nikamwambia apige magoti kando ya kiti changu, nikaweka mkono wangu mbele ya uso wake, kimo kile kile cha ukingo.

"Unaona nini?"

"Mkono wako, anti."

"Huo ndio ubao wako. Wengine wataona korongo, mimi nitaona misumari."

Alicheka, halafu akaona haya, halafu akatoa rula. Hicho ndicho nilichompendea. Hakunionea huruma, alipima. Aliporudi, ukingo ulikuwa umekatwa wazi kwenye kimo cha macho ya mtu aliyeketi. Nasema haya ili mjue kwamba nilimpenda yule binti, na kwamba yaliyofuata yananiuma zaidi kwa sababu hiyo.

Siku nyingine alinieleza kuhusu misalaba. Nguzo zilikuwa za mkalitusi kutoka Kitale, ndefu, zilizopakwa dawa. Kati ya nguzo na nguzo zilipita mbao za mshazari zikipishana katikati, zimekazwa kwa bolti, na mafundi walizibatiza jina hilo, misalaba. Nilimuuliza kazi yake nini, maana kwa macho yangu zilikuwa zinaziba tu.

"Anti, wewe nguo ukiipiga bandi tu bila kuishona, inakaa?"

"Inakaa mpaka mtu aivae."

"Basi bila misalaba mnara umepigwa bandi tu," akasema. "Hasa ile ya chini. Ile ndiyo mshono."

Sasa nije kwa Jean. Jean ni fundi seremala, Mkongo wa Uvira, mkimbizi anayeishi Kalobeyei. Ni mtu mpole mwenye mikono mikubwa, na Kiswahili chake kinanivunja mbavu. Mara ya kwanza alipokuja kwangu, kupima upana wa kiti, alisimama mlangoni kwa adabu.

"Mama Akal, nitoshe viatu?"

"Viatu ndivyo vikutoshe wewe, baba," nikamjibu. "Wewe utavitoshaje?"

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Kwao kutosha ni kutoa. Unatosha viatu mlangoni, unatosha takataka nje, daktari anakutosha jino. Tangu siku hiyo kila akija ananiuliza hivyo hivyo kwa makusudi, nami namjibu hivyo hivyo. Ulikuwa utani wetu. Nelly hakuwahi kuusikia. Angekuwa ameketi nasi hata mara moja, leo nisingekuwa nasimulia.

Jean alinitengenezea rampu kwa masikio. Kila sehemu ikikamilika, mimi naipanda, yeye anaingia chini na kusikiliza magurudumu yakipita juu ya kichwa chake. Palipogonga vibaya anapiga alama ya chaki. Nikishuka udongoni ndipo anatoka, amejaa unga wa mbao kichwani. Kileleni sikupanda. Nelly aliniomba nisubiri siku ya uzinduzi, niwe mtu wa kwanza, na mimi, mjinga, nikakubali.

Siku ya mwisho ya ukaguzi nilikuwepo. Nelly alikuwa na haraka. Gari la ofisi lilikuwa limeshawashwa, simu iko sikioni, Lodwar wanamwita. Boris, Mrundi anayefanya kazi na Jean, alikuwa juu ya ngazi na spana mkononi.

"Madame, tuongeze misalaba ingine huko chini?"

Nelly aliziba simu kwa kiganja, akatupa jicho mara moja.

"Hapana. Hiyo ya chini tosha."

Akaingia garini.

"Sawa, madame," Jean akajibu.

Nilisikia. Sote tulisikia. Mimi nilisikia kwamba misalaba iliyopo inatosha, hakuna haja ya kuongeza. Jean na Boris walisikia kwamba hapana, na hata hiyo ya chini toeni. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyesinzia, na mtu angenipa Biblia pale pale ningeapa kwamba mambo yako sawa. Mpaka leo nikikumbuka gari lile likiondoka na vumbi lake mwili unanisisimka.

Wiki iliyofuata nilitoka sokoni nikawakuta Jean na Boris mlangoni kwangu. Nyumba yangu ina kizingiti kirefu cha saruji. Miaka yote nilikuwa nashuka kitini, najiburuta kwa makalio, kisha navuta kiti nyuma yangu. Jean aliwahi kuniona nikifanya hivyo. Sasa alikuwa amenijengea rampu, nzuri, imekaa kama imezaliwa na nyumba.

"Mbao umezipata wapi?" nikamuuliza.

"Ni mbao zenye tulitosha kule, mama. Architecte hana nazo kazi tena."

Nilimwelewa vizuri sana, hilo ndilo la ajabu. Nilijua amesema mbao walizotoa. Nikafikiri ni zile za kushikilia nguzo wakati zege inakauka; fundi yeyote hubeba mabaki kama hayo, ndiyo desturi. Sikuuliza zimetolewa wapi. Nilikuwa nimefurahi mno. Nilipanda na kushuka, nikapanda tena, nikaingia nyumbani kwangu nikiwa nimeketi kama mtu. Nililia kidogo, na sioni haya kusema.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kila ubao ulikuwa na matundu kwenye ncha zake, mawili mawili, makubwa kiasi cha kuingia kidole. Gurudumu dogo la mbele lilikuwa linagonga hapo, tak, tak. Nikayaziba kwa udongo wa mfinyanzi.

Baada ya hapo mnara ulibadilika. Nasema nilichokiona mwenyewe. Wakati unajengwa, korongo walikuwa wanatua juu ya nguzo mafundi wakiwa bado wanapiga nyundo, mpaka Boris akawa anawafukuza kwa kofia. Wiki ile wakaacha. Walikuwa wanakuja, wanauzunguka, kisha wanakwenda kutua kwenye mathenge yenye miiba. Boris alisema ndege wameukataa, na wenzake wakamcheka. Nilipokwenda kujaribu kona ya kwanza, macho yakiwa kwenye magurudumu tu, chini sikuangalia, upepo ulivuma, na mnara ukalia. Haukuwa mlio wa kuni zinazopasuka, ulikuwa mlio mrefu wa kitanda kibovu mtu anapogeuka.

"Jean, unasikia?"

"Mubao inakauka, mama," akasema kutoka chini. Lakini alitoka mapema kuliko kawaida yake, na alisimama kidogo akiutazama huku amejishika kidevu.

"Kuna kitu kinakusumbua?"

"Hapana. Architecte ana akili. Maji yakikuya, takataka haitapata pa kushikama huku chini, itapita."

Sikujua anazungumzia nini. Nilidhani anasifu tu. Nikamwambia, kama una swali si umpigie Nelly?

"Ofisi haipendi kuulizwa mara mbili," akasema. "Na mukimbizi yeye hata mara moja."

Nelly alikuwa na mpango wa kurudi kukagua kabla ya sherehe. Lakini mgeni wa heshima alibadilisha tarehe, ikaletwa mapema, na Nelly akafika siku ile ile, katika msafara ule ule wa magari. Nao waliopamba walikuwa wameshafika kabla yake. Chini yote ya mnara walikuwa wameizungushia turubai jeupe lenye picha ya korongo na maandishi makubwa: HIFADHI YA NATIRAE, KARIBUNI WOTE.

Asubuhi hiyo, sokoni, dereva aliyetoka Lokichoggio alikuwa amesema kwamba upande wa milima, kule Uganda, mvua imenyesha bila kupumua. Hapa kwetu mbingu ilikuwa safi, jua kali. Wageni walijipepea na kutazama saa. Lakini sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba mto wetu hausubiri mvua yako, unakuja na mvua ya watu wengine. Nilimwambia kijana wa itifaki. Akaniambia, "Usijali mama, programu ni fupi."

Programu ilikuwa na jina langu juu kabisa: Mama Akal kupanda wa kwanza. Nilivaa rinda nililojishonea mwenyewe. Nilikuwa nimeshaiweka mikono kwenye magurudumu. Basi mgeni wa heshima akasema ana safari, akapanda. Nyuma yake wakapanda maafisa, nyuma ya maafisa wapiga picha, nyuma yao mzee Namuar wa Nakalale aliyetoa baraka, kisha akina mama wa ngoma. Nelly alinitazama kwa uso wa kuomba radhi, "Dakika moja tu, anti," akavutwa naye akaenda. Nikabaki chini na hasira yangu, nikitazama mikanda na matumbo yakipita, kama kawaida.

Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya niinamishe kichwa, sikutaka mtu aone uso wangu. Upepo ukainua turubai. Aliyesimama asingeona kitu. Mimi macho yangu yako pale pale chini. Niliona nguzo ya kwanza, tupu. Niliona ya pili, tupu. Na kwenye kila nguzo, usawa wa goti, niliona matundu, mawili mawili, makubwa kiasi cha kuingia kidole.

Vidole vyangu viliyajua matundu yale. Nilikuwa nimeyaziba mwenyewe kwa udongo.

"Jean!"

Alikuwa amesimama pembeni na shati lake la Jumapili. Akaja mbio.

"Misalaba iko wapi?"

"Ile ya chini? Nilitosha, mama. Wewe ulikuwa hapa. Architecte mwenyewe njo alisema, hiyo ya chini tosha."

Nilimkamata shati. "Jean, kwetu tosha ni kwamba ziko za kutosha! Alisema ziachwe!"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka namna ile. Hakujitetea, hakuuliza. Alichana turubai kwa mikono, akaingia chini na Boris, wakiita kamba, wakiita gogo lolote. Juu, muziki ulikuwa unapigwa kwa spika kubwa, akina mama wanaruka, na kila wakitua kwa pamoja mnara ulikuwa unatoa ule mlio wake wa kitanda. Kundi lingine la watu lilikuwa linasogea kupanda. Nikasukuma kiti changu mpaka mwanzo wa rampu, nikakiweka katikati, nikakaza breki. Njia ilikuwa na upana wa kiti kimoja. Nilijua, nilishiriki kuipima.

"Mama, songa!"

"Sisongi!"

"Wewe mwanamke una wivu kwa sababu hukupanda wa kwanza!" mtu mmoja akanitukana, na watu wakacheka.

Hapo ndipo tukausikia mto. Kwanza kama lori la mbali. Kisha matete yakaanza kulala chini bila upepo, na maji ya rangi ya chai yakaingia kinamasini yamebeba magogo ya mathenge, matawi, mbuzi aliyekufa. Yalifika kwenye nguzo. Waliokuwa wananitukana wakakimbilia kwenye tuta. Jean alikuwa amefunga kamba kwenye nguzo mbili, ameshikilia gogo kwa bega lake katikati, maji yakimpanda mapajani. Akainua kichwa na kupiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Tosha batu! Madame Nelly! Tosha batu!"

Kule juu Nelly aliinama ukingoni, kwenye uwazi ule ule aliokata kwa ajili ya macho yangu. Alitabasamu, akainua dole gumba.

"Ndiyo, Jean! Tunatosha! Usiruhusu wengine!"

Mungu wangu. Alidhani anaambiwa kwamba watu wametosha. Jean naye alisikia kwamba wanatolewa, wanashuka. Nikaona bega lake linatulia. Akasubiri. Hakuna aliyeshuka. Watu wawili walikuwa wanaitikiana vizuri kabisa, na kila mmoja ameridhika, na katikati yao mnara unalia.

"Nelly!" Nilipiga kelele mpaka kifua kikaniuma. "Anasema mshuke! Mshuke! Misalaba ya chini imetolewa! Ulisema tosha, akatoa!"

Muziki ulikatika, sijui nani aliukata. Nelly alinitazama, akamtazama Jean, akatazama nguzo. Niliona lile neno likimfikia. Nawaambieni, lilimfikia. Alishika mdomo wake kwa mikono miwili.

Kisha wakaanza kushuka, na mimi nilikuwa nimeziba njia. Nilivuta breki, ikakwama. Rampu ilikuwa imeshaanza kujipinda na magurudumu yamebanwa. Mgeni wa heshima alikuwa wa kwanza kunifikia, nyuma yake watu, nyuma yao watu zaidi. Jean akapiga kelele tena kutoka chini, "Tosha kiti! Tosha kiti!" na wale waliokuwa mbele yangu wakasimama wakinitazama bila kuelewa, mmoja akisema, "Kiti kinatosha, tatizo ni nini?"

Nilijua tatizo ni nini. Katika watu wote wale ni mimi peke yangu niliyejua ameagiza nini.

"Anasema nitolewe," nikasema. "Nibebeni."

Boris aliruka rampuni akanitupa mgongoni kama gunia. Kiti kikarushwa majini. Watu wakapita. Kutoka mgongoni kwa Boris niliona kwa mara ya kwanza maji ya Natirae kutoka juu kidogo, yote, machafu, yakienda kasi mpaka mbingu, na yalinitia hofu tu. Akina mama walishuka, Nelly akashuka, Jean akatoka chini akitambaa. Namuar alikuwa wa mwisho, mzee, polepole. Alikuwa kwenye kona ya mwisho mnara ulipoinama, ukasimama hivyo kidogo kama mtu anayekumbuka kitu, kisha ukalala wote majini. Tulimtoa mzee akiwa hai, nyonga imevunjika. Bado amelazwa Lodwar.

Walimkamata Jean kabla hajakauka. Waliniweka chini udongoni, sina kiti, nimezungukwa na miguu. Niliwaeleza, nikaeleza, na kila mtu aliongea juu ya kichwa changu. Nilivuta sketi ya Nelly. Hakuinama.

Kesho yake polisi walikuja kwangu. Walizikuta mbao, matundu yake yanalingana na bolti za mnara, wakang'oa rampu yangu yote na kuipakia garini kuwa kielelezo. Sasa sina kiti wala rampu, na natoka nyumbani kwangu kwa kubebwa. Nelly alihojiwa. Alisema hakuwahi kuagiza mbao zitolewe. Ni kweli. Kila neno alilosema ni kweli, na nimempigia simu mpaka naona aibu, hashiki. Boris naye alitoa maelezo, wakamwambia mkimbizi hawezi kumtetea mkimbizi.

Leo nilimwambia Boris anibebe mpaka kituoni. Aliniweka kwenye benchi mbele ya afisa wa zamu. Ni mtu anayetoka Kenya, yaani nje ya Turkana, kama wazee wetu wanavyosema bado, mwenye sauti nzuri, wala si mbaya.

"Ejok, mama," akaniamkia kwa Kiturkana, na kujivunia.

"Ejok. Nimekuja kwa ajili ya Jean."

Mahabusu iko mwisho wa ukumbi, na kupitia nondo nilimwona. Ameketi sakafuni, amekonda, miguu mitupu. Viatu vyao vinaachwa nje ya mlango. Alinipungia mkono. Nikaanza kueleza. Nilieleza viatu na jino na takataka. Nilieleza Nelly alisema nini na Jean alisikia nini. Nilieleza vile Jean alivyoingia chini ya mnara ambao mwizi angeukimbia. Afisa alisikiliza mwanzoni. Kisha akaanza kucheka kidogo, kisha akatazama simu.

"Kwa hiyo hii kesi yote ni neno moja?"

"Neno moja."

"Mama, hakimu atanicheka."

"Mwite Nelly aseme tu kwamba alilitamka. Hilo tu. Nitakaa hapa mpaka umwite. Niliapa sitabebwa tena maishani, nimebebwa kuja hapa, na nitabebwa kwenda Lodwar, nitabebwa..."

Aliinua kiganja. Hakuwa na ukali, alikuwa amechoka, na aliongea kwa sauti kubwa ili nielewe.

"Tosha, mama. Sasa tosha."

Niligeuka. Mwisho wa ukumbi Jean alikuwa ameinuka. Alikuwa anatabasamu, macho yamejaa machozi, anamtazama afisa kwa shukrani. Akapitisha mkono kati ya nondo, akavivuta viatu vyake, akaketi, akaanza kuvivaa.